Istilahi za Mpiga Picha: Kutoka Chumba cha Giza Hadi Faili Ghafi

Mwaka 2023 mwandishi wa makala haya alipewa kazi ya kutafsiri orodha ya vifaa ambavyo ofisi moja ya umma ilikusudia kuvinunua kwa ajili ya kitengo chake cha habari. Katika orodha hiyo kulikuwamo kamera za aina mpya, zile ambazo ndani yake hamna kile kioo kidogo kinachoipokea sura ya kitu kutoka kwenye lenzi na kuirusha juu, kwenye tundu la kuchungulia. Nikaandika, bila ya kufikiri sana, “kamera isiyo na kioo”, kisha nikaendelea na vitu vingine.

Baada ya siku chache afisa ugavi wa ofisi hiyo alinipigia simu. Aliuliza kwa adabu, ila mshangao ulikuwa unasikika: kamera isiyo na kioo itapigaje picha? Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshaleta bei yake kwa kamera zisizo na lenzi, yaani kiwiliwili kitupu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoielewa ile tafsiri yangu. Wala hakukosea. Katika Kiswahili kioo ni kile cha dirishani, ni kile cha kujitazamia, ni uso wa simu, na kwa mafundi wengi wa studio kioo ni lenzi yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nimechukua neno lenye maana nne nikadhani wasomaji wote wataichagua ile niliyokuwa nayo kichwani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya maneno ya kazi ya upigaji picha, na katika makala haya ninakusudia kuyaeleza baadhi yake kwa faida ya watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika mikataba na zabuni. Sikusudii kutoa orodha kamili. Nitakaa zaidi kwenye yale maneno ambayo yakikosewa mtu hupoteza haki yake au fedha zake.

Tuanze na hicho kioo. Kamera zenye kioo cha ndani zilipata sifa kubwa kwa waandishi wa habari baada ya kampuni ya Nikon kutoa kamera yake ya F mwaka 1959, na kwa muda wa nusu karne karibu kila mpiga picha wa kazi alikuwa na kamera ya namna hiyo shingoni. Mpiga picha alipobonyeza kitufe, kioo kiliruka juu, pazia likafunguka, mwanga ukafika kwenye filamu. Ndiyo maana kamera hizo zilikuwa na mlio uliojulikana katika kila mkutano wa wakubwa. Mwaka 2013 Sony ilitoa kamera yake ya A7, isiyo na kioo hicho lakini yenye kihisi kikubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35, na mwaka 2018 Nikon na Canon nazo zikaleta mifumo yao ya Z na R. Katika kamera hizi mpiga picha hutazama kiwambo kidogo cha umeme, wala si sura iliyorushwa na kioo. Kwa hiyo tunapendekeza watafsiri waandike “kamera isiyo na kioo akisi”. Neno kuakisi linajulikana kwa kila mwanafunzi aliyesoma habari za mwanga katika fizikia, na kulitia hapo kunaondoa shaka yote. Zabuni ile ilirekebishwa hivyo, na kamera zikaja na lenzi zake.

Nimetaja neno kihisi. Wapiga picha wengi husema “sensa”, nami sina ugomvi nao wakiwa kazini. Lakini katika maandishi ya serikali neno sensa lina mwenyewe, nalo ni kuhesabiwa kwa watu na makazi, kama ilivyofanyika nchini Tanzania mwaka 2022. Barua inayoomba fedha za “matengenezo ya sensa” inaweza kwenda kwenye meza isiyo yake. Kihisi ni neno zuri. Linatokana na kuhisi, nacho kifaa chenyewe huhisi mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Hali ni hiyo hiyo kwa neno “flashi”. Zamani lilikuwa na maana moja tu, ile taa inayomulika ghafla. Siku hizi karani wa ofisi akiandikiwa “nunua flashi mbili” ataleta vile vijiti vya kuhifadhia mafaili. Katika maandishi rasmi basi na tuseme “taa ya mmweko”, na mitaani watu waendelee na flashi yao. Stendi ya miguu mitatu, betri, kadi, lenzi na mkoba havina matatizo, na kuvitafutia maneno mapya ni kupoteza wakati.

Neno gumu zaidi katika vifaa ni tundu, yaani ule mwanya wa ndani ya lenzi unaopanuliwa au kubanwa ili kupitisha mwanga mwingi au mdogo. Tundu lenyewe ni neno jepesi. Ugumu uko kwenye namba zake. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawa umbali wa fokasi wa lenzi kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ina namba 2. Tundu hilo likibanwa hadi milimita 12.5, namba inakuwa 4, na mwanga unaopita ni robo tu ya ule wa kwanza. Namba ikipanda, tundu linapungua. Sasa mtafsiri wa kitabu cha maelekezo akikuta maneno yanayomtaka mpiga picha aongeze namba, naye akaandika “ongeza tundu”, amemwambia afanye kinyume kabisa. Iandikwe “ongeza namba ya tundu”, au bora zaidi, “bana tundu”. Mafundi wenyewe husema “bana” na “fungua”, na sioni sababu ya kuwafundisha namna nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Katika fani hii maneno mengi mazuri yameundwa na watu wa kazi, si na sisi wa mezani. Studio zilikuwapo pwani yetu tangu karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes kule Unguja, na mwaka 1930 ikafunguliwa Capital Art Studio katika mji huo huo. Ulipatikana wakati mrefu wa kutosha kwa Kiswahili kuizoea kazi hiyo. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba picha “inapigwa”. Watu waliipiga picha kama wanavyopiga pasi, wanavyopiga simu na wanavyopiga hodi. Hakuna kamati iliyounda “kukuza picha”. Wala hakuna iliyounda neno ambalo mimi ninaliona kuwa ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote ya fani hii, nalo ni kusafisha.

Nilikwenda Kariakoo kwa mzee mmoja aliyeendesha studio kwa zaidi ya miaka 30, nikamwuliza kwa nini wao husema wanasafisha picha. Kwani huwa chafu?

“Mwanangu,” akanijibu, “picha ukishaipiga imo ndani ya filamu, lakini huioni. Imefunikwa. Unaitia katika dawa, unaitia katika maji, inatoka. Ungesemaje wewe?”

Sikuwa na la kusema, kwa kuwa alikuwa ameeleza kwa usahihi kile kilichoandikwa vitabuni. Filamu imepakwa utando wenye chembe ndogo za chumvi za fedha. (Ni fedha ile ya pete na bangili, si ya mfukoni, mtafsiri na aangalie.) Mwanga ukiziangukia, chembe hizo hubadilika kidogo mno kiasi kwamba jicho halioni tofauti. Dawa ya kwanza huzigeuza zile zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili, ambayo aghalabu ni asidi hafifu, huisimamisha kazi ya ile ya kwanza. Dawa ya tatu huziondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, na mwishoni maji mengi huondoa mabaki ya dawa zote. Hiyo ndiyo kusafisha, na wengine husema kuosha. Filamu husafishwa katika giza tupu. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, na ndiyo maana watu wengi wanapokumbuka chumba cha giza hukumbuka wekundu.

Kinachotoka katika dawa hizo, kwenye filamu, ni picha iliyo kinyume: penye mwanga pana weusi, penye kivuli pana weupe. Mwanachuoni wa Uingereza John Herschel ndiye aliyezipa picha za namna mbili hizo, ya kinyume na ya sawa, majina yanayotumika hadi leo katika lugha za Ulaya. Baadhi ya watunga istilahi wetu walifuata njia hiyo hiyo wakasema “picha hasi”. Kwa mwalimu wa fizikia neno hilo ni sahihi. Lakini lugha imeendelea mbele. Leo magazeti yetu yanaposema “picha hasi ya jiji” yana maana ya sifa mbaya za jiji. Fikiria basi katalogi ya nyaraka yenye maneno “picha hasi za watumishi wa bandari”. Msomaji atadhani watumishi hao wamevunjiwa heshima, kumbe ni kasha la filamu. Mafundi wa studio siku zote walisema “negativu”, na kwa maoni yangu negativu ndiyo inayostahili kuandikwa.

Tena negativu haikuwa kitu cha kupita. Ilikuwa mtaji. Mzee wa Kariakoo alinionyesha makasha ya bati yaliyojaa bahasha, kila moja imeandikwa jina na tarehe. Mteja alilipia picha 12 za arusi, akaondoka nazo. Negativu zikabaki studio. Shangazi aliyetaka nakala yake alirudi, mtoto alipokua akataka kumwona marehemu babu yake alirudi, na kila aliyerudi alilipa. Hakuna aliyehitaji mkataba wa maandishi ili kujua nani ana nini, kwa kuwa kitu chenyewe kilishikika: mwenye karatasi ana picha, mwenye bahasha ana asili.

Kitu hicho sasa hakipo. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, kule Marekani, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliichukua sekunde 23 kuiandika kwenye kanda ya kaseti. Kodak hiyo hiyo, iliyokuwa imeishi kwa kuuza filamu tangu karne ya 19, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Januari mwaka 2012. Chumba cha giza cha mzee wetu leo ni stoo ya viti vya kukodisha. Kazi anaiendesha binti yake, kwa kamera mbili na kompyuta moja, naye pia husema “nakwenda kusafisha picha” anapoketi mbele ya kompyuta hiyo. Neno limebaki, dawa zimeondoka.

Mwaka 2024 neno hilo lilimgharimu. Taasisi moja ilimkodi apige picha katika hafla ya siku mbili. Mkataba ulikuwa umetafsiriwa kutoka Kiingereza, na ulisema kwamba mpiga picha atakabidhi “picha zote, zikiwa zimesafishwa”. Binti huyu alikuwa amebonyeza kitufe mara 1,800 hivi. Akachagua picha 400, akazisawazisha mwanga na rangi, akazikabidhi, akijua kuwa amemaliza kazi. Taasisi ikamwambia bado 1,400. Zaidi ya hayo, mkuu wa hafla alidai kwamba picha zake hazijasafishwa, kwa kuwa jasho lilikuwa linaonekana usoni na kitambi hakikupunguzwa. Nusu ya pili ya malipo ilizuiliwa kwa miezi 3.

Nilipoletewa mkataba huo pamoja na matini yake ya asili niliona kwamba kilichokusudiwa kilikuwa wazi: picha zilizochaguliwa na kukamilishwa. Mtafsiri hakuwa mtu mzembe. Alitumia neno ambalo mpiga picha yeyote angelitumia. Lakini neno hilo sasa limebeba mizigo minne, na kila mtu aliyesoma mkataba alishika mzigo wake.

Ninawaomba wenzangu waitenganishe mizigo hiyo. Kusafisha kubaki kwa filamu na dawa, kwa kuwa kazi hiyo bado ipo kwa wachache na historia yake ni ndefu. Kazi ya kompyuta ya kugeuza data za kihisi kuwa picha inayoonekana iitwe kuchakata, kama tunavyochakata data nyingine. Kusawazisha mwanga, rangi na mipaka ya picha ni kurekebisha. Kuondoa chunusi, jasho na kitambi ni jambo jingine kabisa. Kwa hilo ninapendekeza kurembesha, neno ambalo halifichi kwamba ukweli umeguswa. Na kutoa picha kwenye karatasi ni kuchapa. Mkataba wa binti yule ungesomeka hivi: “mpiga picha atachagua picha zisizopungua 400, atazirekebisha, na kukabidhi mafaili yake, kurembesha kutalipiwa kando.” Maneno hayo si marefu, na hayahitaji mwanasheria.

Linabaki swali la asili. Kamera za kazi huweza kuhifadhi data kama zilivyotoka kwenye kihisi, kabla ya kuchakatwa. Mtafsiri mmoja aliandika “picha mbichi”, nami nilicheka, kisha nikakumbuka kamera yangu isiyo na kioo nikanyamaza. Tunalo neno ghafi, ambalo linaishi katika malighafi, nalo lina maana ile ile ya kitu ambacho hakijatengenezwa. Faili ghafi basi ndiyo negativu ya leo. Shindano la kimataifa la World Press Photo huwataka wapiga picha waliofikia hatua za mwisho walete mafaili hayo, ili waamuzi waone kama kuna kitu kilichoongezwa au kuondolewa. Kwa sababu hiyo mpiga picha mwangalifu haliachii faili ghafi kwa urahisi, kama vile baba yake alivyokuwa haachii bahasha. Mkataba unaosema “picha zote” bila ya kutaja kama mafaili ghafi yamo au hayamo, unauacha mtaji wake mlangoni.

Wala isidhaniwe kwamba mwenye faili ndiye mwenye hakimiliki. Hayo ni mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu kazi za picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na mtu huweza kuuza nakala ya picha pasipo kuuza haki ya kuichapisha kwenye kalenda. Mwandishi wa mkataba asitumie neno “kumiliki picha” peke yake. Aseme ni nakala, ni faili ghafi, au ni hakimiliki inayohamishwa.

Jambo jingine, kwa ufupi. Neno picha peke yake halisemi kama inatembea au imesimama. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alijulikana duniani kote kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984. Vijana wengi hudhani ni picha za gazetini, kumbe zilizoutikisa ulimwengu zilikuwa za televisheni. Istilahi za picha mnato na picha jongefu zilikwisha kubuniwa na zinatosha. Tangu kamera ya Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 iingie sokoni, kifaa kimoja kinafanya kazi zote mbili vizuri, na mteja wa arusi anayelipia “picha” huenda akadai na video. Iandikwe ipi.

Mwisho ni habari ambayo ingali inajadiliwa. Mwaka 2023 msanii wa Ujerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo aliyopewa katika mashindano ya Sony World Photography Awards, akieleza kwamba kazi yake ilitengenezwa kwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mwaka huo huo Leica ilitoa kamera ya M11-P, inayotia ndani ya faili alama ya kuthibitisha picha ilikotoka. Walimu wameniuliza: kazi ya akili unde nayo ni picha? Ni picha, kama mchoro ulivyo picha. Lakini haikupigwa. Kitenzi kile cha wazee kinatupa tofauti ambayo lugha nyingine zinaihangaikia, na maelezo chini ya picha yanaweza kuandikwa “picha iliyopigwa” au “picha iliyoundwa kwa akili unde” bila ya kuongeza neno lolote jipya.

Binti wa Kariakoo alilipwa. Fomu yake mpya ya mkataba, yenye vitenzi vilivyotajwa hapo juu, tuliipitia pamoja naye na baba yake. Mzee aliisoma yote kwa miwani yake, akafika penye “kuchakata”, akatikisa kichwa.

“Andikeni hivyo kwa hao wenye mihuri,” akasema. “Hapa dukani tutasafisha.”